Juisi Isiyochacha ya Rosettenville

Funga mlango, Benita, usogeze kiti. Elisée, iweke simu juu ya stuli, ielekee mdomo wangu, si pua, na uhakikishe inarekodi, maana maneno ya mtu anayeondoka hayarudiwi kama wimbo wa redio. Victoire, binti yangu wa mwisho, toa hivyo vitu masikioni. Sikilizeni wanangu. Leo Alhamisi, kesho asubuhi wananipasua. Daktari anasema ni ngiri ndogo, nusu saa tu, jioni nitakuwa hapa hapa nakunywa uji. Lakini daktari mwenyewe mtoto wa juzi, ana ndevu saba, nimezihesabu, na mimi Parfait Kabwika, mwana wa Kalemie, niliyevuka nchi nne kwa miguu na ya tano juu ya lori la vitunguu, naujua mwili wangu. Ngiri hii si ndogo. Nimeibeba tangu siku ile nilipoinua pipa la divai peke yangu, pipa zima la lita mia mbili, Makaburu sita walikuwa wameshindwa nalo, wamekaa chini wanalia. Unacheka nini, Benita? Basi walikuwa wanne.

Mama yenu nimemwomba sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, tena kwa makusudi, kwa kuwa sombe haiivi upesi, na ninalotaka kuwaambia halipaswi kumfikia. Mkisikia mchi umenyamaza jikoni, mnishtue.

Tuanze na mali, najua ndiyo mliyoijia, msinifanyie nyuso za msibani. Nyumba hii ya Rosettenville ni ya mama yenu mpaka pumzi yake ya mwisho, na atakayemsumbua hata kwa chumba kimoja, nitatoka huko niliko nimchape kwa mkanda. Cherehani kubwa ni ya Benita. Najua unasuka nywele, mama, lakini vichwa vinaota upara, ila suruali watu watazichana mpaka Yesu arudi. Bakkie, ile pikapu, ni ya Elisée. Najua haiwaki. Haiwaki kwenu kwa sababu mnaitukana. Mimi huwa naibembeleza. Victoire, wewe unachukua jina langu, na ujifunze kulitamka vizuri. Eh? "Ngiyabonga, Baba." Mnasikia? Nazungumza naye Kiswahili cha Kalemie, kitamu kama dagaa wa jua, ananishukuru kwa Kizulu. Hilo nalo tutalifikia. Na kitanda hiki atakayekirithi akaze skrubu zake, maana miaka na miaka kila nikigeuka kinalia ngling, ngling, kama kengele ya shule, na mama yenu anasema ni uzito wangu.

Lakini mali yenyewe, wanangu, si hiyo. Angalieni dirishani. Huo mti uliojikunja juu ya vyuma vya uani, uliokauka kwa baridi hii ya Julai kama mkono wa bibi kizee, ndio mali. Aliupanda yule Mreno aliyetuuzia nyumba, Senyori Abílio, kitawi kimoja tu, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Siku anahamia kwa binti yake hakulilia nyumba, alilia mzabibu. Aliukumbatia. Akaniambia, "Parfait, mimi nimekuuzia mzabibu. Nyumba ni nyongeza." Wengine wangemcheka. Mimi nilivua kofia, kwa sababu mimi na mzabibu tulikuwa tumejuana zamani.

Ninyi mnamjua Parfait fundi suti. Parfait wa Franschhoek hamumjui, kwa kuwa wakati huo mlikuwa bado Kalemie na mama yenu, mnaningoja. Bonde hilo liko kule Kepu, kusini kabisa mwa nchi hii, milima imelizunguka kama watu wanaotazama ugomvi, na jina lake kwa lugha yao maana yake ni Kona ya Wafaransa. Niliposikia jina hilo nikajiambia, Parfait, Mungu amekukumbuka, huko wanasema Kifaransa, kufika tu utakuwa waziri. Nikapanda basi. Nikafika. Malango yote majina ya Kifaransa, La hii na La ile, yamechongwa kwenye mawe kama ya makanisa. Nikabisha la kwanza, nikasema bonjour. Kaburu akanitazama kama nimemtapikia viatu. La pili hivyo hivyo. La kumi na moja ndipo nikaelewa: katika Kona nzima ya Wafaransa, Mfaransa nilikuwa mimi peke yangu.

Na hadithi ya bonde muishike, kwa sababu ni yetu. Miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, mfalme wa Ufaransa aliwakataza watu namna yao ya kusali. Wakakimbia. Wakapanda meli, wakashuka Kepu na Biblia zao na ujuzi wa mizabibu. Wakimbizi, wanangu! Wakimbizi kama sisi, wamenyeshewa kama sisi. Tofauti ni kwamba wao walipewa bonde, tena bonde la watu wengine, lakini hiyo kesi si ya leo. Mimi nilipewa karatasi ya miezi sita, nikairudisha dirishani kila miezi sita kwa miaka kumi na minne. Na wajukuu wa wale watu? Kifaransa chote walikisahau, kikabaki malangoni tu. Victoire, unanielewa? Usije ukanifanya jina la getini.

Basi nilikuwa nachuma zabibu kama wengine. Siku moja likaja basi la watalii kutoka Ufaransa, mwenye shamba akachanganyikiwa, hakuna wa kusema nao. Nikajitokeza na mkasi mkononi. Shule mimi darasa la nne lilinishinda, au niseme mimi nililishinda, mwalimu ndiye aliyekimbia. Lakini siku ile nilieleza divai mpaka mama mmoja wa Bordeaux akaniomba nimwandikie. Nikamwambia mambo haya hayaandikwi. Kwa kuwa sijui kuandika, sawa, lakini yeye hakujua hilo. Tangu siku hiyo nikaingizwa ghala la divai, kwa Oom Fanie, yaani mjomba Fanie, mzee wa mapipa, na divai za bonde nikazijua kama mtu anavyowajua wakwe zake.

Kuna steen, divai nyeupe, huyo ni mkamwana wa kazi zote. Ukitaka mkavu yupo, ukitaka mtamu yupo, ukimchemsha anakutolea brandi, na halalamiki. Kuna semillon, mizabibu mikongwe kuliko makaburi ya huko, huyo ni babu. Ukimwonja akiwa mpya hasemi neno, umwache miaka kumi ndipo anakusemesha kwa asali. Kuna ile ya mapovu, kelele kwanza, maana baadaye, kama wachungaji wengine ambao sitawataja bado. Hiyo ya mapovu ina kazi: chupa zinalazwa kichwa chini, kila siku unaingia gizani unaigeuza kila moja kidogo, kidogo tu, mpaka uchafu wote unashuka shingoni. Mimi nilikuwa nageuza chupa elfu tisa kabla ya chai. Na kuna pinotage, nyekundu, mtoto wa hapa hapa. Profesa mmoja wa Kepu aliozesha zabibu mbili za Ufaransa akazaliwa huyu. Wazazi Wafaransa, mwenyewe hajui hata bonjour. Akilelewa vibaya ananuka ndizi iliyoungua, akilelewa vizuri anawashinda waliomzaa. Victoire, hapo nilikuwa nakusifu.

Na ulimi wangu! Alikuja Mjerumani, bingwa wa mabingwa, akanifunga macho kwa tai yake, akapanga glasi tano. Nikamtajia zote. Mwaka, shamba, upande wa mlima, jua la asubuhi au la jioni; na ya tatu nikamwambia, aliyezichuma zabibu hizi alikuwa na mafua. Wakaenda kuuliza. Alikuwa na mafua! Wanangu, ulimi huu hakuna aliyewahi kuudanganya, si mzungu, si mweusi, si shetani.

Sasa siri. Mchi bado unatwanga? Vizuri.

Oom Fanie alinifundisha divai moja ya mwisho, ile ya mabibi vizee wakati wa baridi. Unachukua zabibu za hanepoti, tamu, za kunukia, hizi hizi za huyu mzabibu wetu. Unazikamua. Kabla juisi haijaanza kuchacha, unaimiminia spiriti ya zabibu. Chachu inakufa palepale, utamu unabaki milele. Wanaiita jerepigo. Na Oom Fanie aliniambia kwa kinywa chake: "Parfait, hii si divai. Divai ni ile iliyochacha. Hii haijawahi kuchacha hata dakika moja. Hii ni juisi iliyolindwa." Elisée, nakuona unavyokunja uso. Ngoja kwanza.

Mnajua kanisa letu, Chemchemi Isiyokauka, na mnamjua mchungaji Ezéchiel. Pombe kwake mwiko. Hata dawa ya kikohozi anaisoma karatasi yake mara mbili. Mimi mwenyewe siku ya kubatizwa niliapa pombe haitapita tena kwenye koo hili, na haijapita, Mungu shahidi. Lakini meza ya Bwana, wanangu! Walikuwa wanaweka maji yenye unga mwekundu wa dukani, rangi ya gari la zimamoto. Mimi, niliyewanywesha watu wa Bordeaux, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nameza unga wa dukani kwa jina la Mwokozi! Ndipo Februari ile ya 2018 huu mzabibu ukazaa mpaka vyuma vikapinda, nikaenda kwa Ezéchiel, nikasema, Pasta, nitalitolea kanisa juisi ya kweli. Akasema amina. Nikakamua. Na mnajua joto la Joburg la Februari: siku mbili tu ingechacha, na ikichacha ni divai, na divai ni dhambi, na dhambi ingekuwa juu yangu. Ningefanyaje? Nikailinda. Yaani ili isiwe pombe, nikaitia pombe.

Elisée, kaa chini. Nimesema kaa. "Papa, umetulewesha miaka saba?" Nani kalewa? Kijikombe chenyewe kama kifuniko cha chupa! Na wewe shemasi ulikuwa unakibeba kwa glavu nyeupe, tena vizuri sana, nilijivunia. Benita, acha kucheka, utapaliwa. Na wewe, Victoire, hiyo "eish" yako ya mitaani umeipata wapi?

Niliyemkosea hapo ni mmoja tu, Mussa wa Mayfair, Mtanzania anayeniuzia vifungo na bitana. Spiriti yenyewe Oom Fanie alinitumia kwa lori, dumu kubwa, na hapa nyumbani mama yenu angeinusa. Nikaiweka stoo kwa Mussa, nikamwambia ni dawa ya kusafishia cherehani. Mtu wa swala tano, wanangu, jirani na msikiti, amelilinda dumu la spiriti miaka saba, analifunika na mkeka vumbi lisiingie! Mkanitubie kwake. Nendeni na mbuzi, nendeni mchana, na Benita asiende, kwa sababu atacheka.

Lakini sasa tazameni matunda. Jumapili ya kwanza kabisa, vikombe vimepita, nyimbo zimeanza. Mama Murielle, hajacheza tangu kuzikwa kwa mumewe, akanyanyuka. Akacheza mpaka kiatu kikaruka kikampiga mpiga kinanda. Mzee wa magongo akatupa gongo. Moja, si yote, lakini alilitupa mbali. Watu wakahisi moto kifuani, unashuka mpaka magotini. Mimi mwenyewe, niliyejua kilichomo, nilianguka kati ya benchi la pili na la tatu nikavunja kiti cha plastiki. Habari zikatembea. Tulikuwa thelathini, tukawa mia nne. Haya Elisée, wewe ndiye unayehesabu, mia mbili na kumi. Tukafungua tawi Diepsloot. Na siku ile Ezéchiel alikuja kunishika mkono nikiwa bado sakafuni, akaniambia mbele ya watu wote, "Papa Parfait, upako wangu umekupata!"

Upako wake! Hapo ndipo kilipozaliwa kinyongo ninachokufa nacho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikusifiwa miaka saba, ndiyo maana sikutia maji hata tone. Mnanijua, wanangu. Mimi nikinunua nyanya nzuri mtaa mzima unajua. Nikishona suti ya bwana harusi, nasimama mlangoni mwa ukumbi nawaambia wageni wote. Na jambo moja kubwa la kweli nililowahi kulifanya chini ya jua, jambo lililowachezesha wajane, sikuweza kumwambia hata paka. Miaka saba! Nilikuwa naenda uani usiku nauambia mzabibu. Pengine ngiri yenyewe imetoka hapo. Sifa ikikosa mlango wa kutokea, inapasua ukuta.

Basi hili ndilo neno nililowaitia. Jumapili hii kanisa linatimiza miaka kumi. Askofu anatoka Lubumbashi, vikombe mia tatu. Madumu yapo gereji, nyuma ya mashine mbovu, yamefungwa kitambaa cha buluu. Kila Jumamosi ya meza mimi humkabidhi mama yenu dumu, naye na wamama wa maandalizi wanamimina. Mimi kesho nakatwa. Nisiporudi, na mtu akamwaga unga mwekundu mbele ya watu wale, moto utazimika. Hawatasema Parfait amekufa. Watasema Mungu ametuacha. Na wale ni watu gani? Ni walinzi wa usiku, ni wasusi wa nywele, ni watu wa karatasi za miezi sita, wamezika ndugu zao kwa simu, wana siku moja tu kwa mwezi ambayo vifua vyao vinapata joto. Siku hiyo naogopa kuiacha bila mwenyewe kuliko ninavyokiogopa kisu. Kwa hiyo mmoja wenu aape hapa, mbele ya simu, kwamba atakamua, atailinda, atanyamaza. Elisée? Unatikisa kichwa. Wewe mkubwa, unajua kutunza mambo. Unasema nini? Kwamba lazima umwambie mchungaji? Mwanangu, ukimwambia mchungaji kesho, mama yenu atajua kesho kutwa. Mama yenu ni mwenyekiti wa wamama wa maombi, pombe haijawahi kugusa hata ukucha wake, babake alimalizwa na kasiksi, pombe ya ndizi, huko kwao. Akijua kwamba mumewe amemnywesha jerepigo mara themanini na nne...

Mbona mnatazama huko?

Mchi. Hamkunishtua.

Hélène. Umesimama hapo tangu lini?

Tangu Mussa. Eh. Keti, mke wangu. Usiketi basi, simama, lakini huo mwiko uweke chini. Nilikuwa nasema... ni maneno ya mtu mgonjwa tu... Unasema? Rudia. Rudia polepole, ngiri imepanda masikioni.

Anasema alijua. Wanangu, anasema alijua tangu dumu la kwanza. Alifungua kifuniko jikoni kanisani na pua yake ikamwambia, kwa sababu mtoto wa mlevi hahitaji kuonja. Na wewe ukawamiminia watu wa Mungu hivyo hivyo? Hukuwamiminia! Ulifanya nini basi? Ulituma mtu dukani, kwenye kona ile ya robot, zile taa za barabarani, mkanunua... juisi. Juisi ya zabibu. Ya boksi.

Siku ile. Siku ya Mama Murielle? Ya boksi. Na gongo la mzee? Ya boksi. Na kila mwezi, miaka saba, mpaka mwezi huu?

Basi mimi nilianguka kati ya benchi la pili na la tatu kwa juisi ya boksi.

Nipeni maji. Hapana, msinipe kitu chochote kwenye kikombe, sikiamini tena. Benita, cheka tu mwanangu, ucheke mpaka ushibe, hata mimi ningekuwa huko uliko ningecheka. Ulimi huu! Mara themanini na nne! Nafumba jicho, naizungusha mdomoni, namwambia Papa jirani yangu benchini, unasikia jua la jioni? Na yeye, maskini, anasema nalisikia! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nimelala nayo kitanda kimoja.

Kwa nini hukuniambia, Hélène? Ungenisimamisha mbele ya mchungaji, ungenipiga kwa huo mwiko. "Ungekuwa na nini tena?" Anasema hivyo, Elisée, simu inapata? Anasema, "Tangu tufike nchi hii, mume wangu, kila ulicho nacho unakisema mpaka kinaisha. Hiki kimoja ulikinyamazia. Nilikuwa nakuona unapogoa mzabibu huku unaimba. Sikutaka kukunyang'anya."

Na moto wa watu, ulikuwa wa nani? Unanyoosha kidole juu. Basi Ezéchiel... Hapana. Wa Ezéchiel pia haukuwa. Hapo nimepata nafuu kidogo.

Lakini yangu, mama. Niambie ukweli sasa, nimeshavuliwa nguo zote, haibaki aibu. Madumu yangu uliyamwaga wapi? Kwenye sinki la kanisa? Chooni?

"Jasho la mume halimwagwi." Nini? Niinueni. Elisée, shika bega hili, Benita huku, polepole, nguo ya kitanda iinueni. Victoire, wewe mwembamba, inama. Umeona nini? Sema kwa lugha yoyote, mwanangu, hata Kizulu. "Papa, yizinto eziningi." Vitu vingi. Chupa ngapi, Hélène? Mia moja na nne, na nyingine kwenye masanduku juu ya kabati. Zote zimefungwa vizibo, zimelazwa ubavu, kila moja plasta yenye mwaka. Alimwuliza nani kwamba chupa inalazwa? Mimi. Anasema nilimwambia mwenyewe, nilimwambia mara mia.

Vuta moja, binti yangu. Ya zamani. 2018, hiyo. Ifuteni vumbi kwa shuka. Kiapo? Hélène, kiapo changu unakijua. Lakini sikuwahi kuionja, unajua hilo? Miaka saba nanusa tu na kumimina. Kijiko kimoja. Daktari alisema nisile wala nisinywe kuanzia usiku, sasa ni saa saba mchana. Kijiko, shahidi wangu Elisée, kama dawa, hata Ezéchiel ukimsomea karatasi yake atakubali.

...

Ngojeni.

Nilitaka kuwaambia ina jua la jioni. Nilitaka kusema mfalme mmoja aliwahi... Hapana.

Hii ni nzuri.

Onjeni na ninyi, tone tu. Elisée, wewe usionje, wewe shemasi, lakini nusa, kunusa si dhambi. Unaona? Hii haikutaka kanisa, haikutaka askofu, ilitaka mtu wa kuiacha ilale. Oom Fanie alikuwa ananiambia, Parfait, wewe unajua kila kitu cha divai isipokuwa kunyamaza. Mimi niliikamua tu. Aliyeinyamazia ni huyu.

Kijiko kingine, mama. Kidogo. Kwa ajili ya kisu.

Sasa sikilizeni upesi, maana sauti inaniishia, na magoti yangu yote mawili yameshapata joto. Jumapili mnunue ya boksi, vikombe mia tatu, na aliyezoea kumimina amimine. Elisée, huna la kumwambia mchungaji. Kanisani hakuna kilichoingia ila juisi. Mussa bado nadaiwa naye toba, dumu bado liko chini ya mkeka, mliondoe kwa heshima. Mzabibu ninampa Hélène. Mimi nisiporudi, wiki ijayo mpogoe, msicheleweshe, baridi ikiisha utaanza kulia utomvu. Kila tawi mliachie macho mawili ya kuchipua, si matatu, hata likiwaomba. Victoire ashike mkasi. Ajifunze majina, aseme tawi, aseme jicho, aseme kikonyo, kwa Kiswahili, mpaka mkono uzoee. Na kaburini, nilikuwa nimeshawapangia, Mfalme wa Divai, herufi za dhahabu... futeni. Andikeni, Mume wa Hélène. Chini yake, kwa herufi ndogo, Hakujua.

Mungu wa njia zote nilizopita awapitishe na ninyi. Elisée, asikupe moyo mgumu. Benita, kicheko chako kisikauke, hata kwenye msiba wangu, hasa kwenye msiba wangu. Victoire, popote utakapolala, ukiota, uote kwa lugha ya mama yako. Hélène... Hélène, wewe sina la kukubariki nalo. Wewe unibariki mimi.

Amina ni kidogo. Semeni kwa nguvu.

Nilazeni. Gari la hospitali si mpaka saa kumi. Nigeuzieni ukutani... polepole... ngling. Mmesikia? Skrubu! Miaka saba nasema skrubu, kumbe chupa.

Elisée, bado inarekodi? Basi weka na hili. Chupa mtu anazigeuza kidogo kidogo kila usiku, gizani... ndivyo wanavyofanya kule bondeni, niliwaambia. Na juu ya hizi alikuwa analala nani? Nani alikuwa anajigeuza huku na huku, mtu mzito... mpaka zikatulia, zikashusha uchafu wake wote...

Ulimi wangu, sawa... ulidanganywa. Lakini mgongo wangu, Hélène... mgongo...

Mimi nami nimo humo.

Kidogo.